Mshale wa PHP unasomwaje?

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha sita, niko Morogoro nasubiri matokeo, na ninajifunza mwenyewe PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Mama ni mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, nami ninamtengenezea tovuti ndogo ya kumbukumbu za wanachama 24. Kila kikao mtu ananunua hisa 1 hadi 5, hisa moja ni shilingi 2,000, na mkopo hauzidi mara tatu ya thamani ya hisa zake. Nilipotumia safu (array) na funksheni za kawaida nilikwenda vizuri. Kwenye klasi ndipo nilipokwama. Hiyo $this ni nini hasa? Kwa nini mahali pengine kuna mshale na pengine nukta pacha mbili? Nikiandika $this->$hisa naambiwa kigeu (variable) $hisa hakijulikani, wakati nimekitangaza pale juu! Na je, ni lazima nitumie klasi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Chukua kile kitabu cha mwanachama anachokihifadhi mama yako. Kabla hakijaandikwa chochote kina mahali pa jina, mahali pa hisa, mahali pa mkopo. Huo mpangilio wa kurasa tupu ndio klasi. Mwanachama akijiunga, akapewa kitabu chake na jina likaandikwa, hicho sasa ni obujekti. Wanachama 24, vitabu 24, mpangilio mmoja. Neno new katika PHP ni pale mama anapochukua kitabu kipya na kumkabidhi mtu.

Tuuandike huo mpangilio:

class Mwanachama {
    public static $bei = 2000;
    public $jina;
    private $hisa = 0;

    public function __construct($jina) {
        $this->jina = $jina;
    }

    public function nunua($idadi) {
        if ($idadi < 1 || $idadi > 5) {
            return false;
        }
        $this->hisa = $this->hisa + $idadi;
        return true;
    }
}

$asha = new Mwanachama("Asha");
$asha->nunua(3);

Sasa usome kwa sauti, kwa Kiswahili. Nasisitiza kwa sauti, kwa sababu wanafunzi wengi ninaowafundisha huangalia alama hizi kama picha, hawazisomi. Mshale usome kutoka kulia kwenda kushoto, na mahali pake weka "-a" ya umilikaji. $asha->jina ni "jina la Asha". Funksheni nayo ni agizo: $asha->nunua(3) ni "Asha, nunua hisa tatu".

Na $this? Kamusi itakwambia ni "hii" au "huyu", na hapo ndipo wengi hupotea, maana wanajiuliza huyu yupi. Wewe isome "mimi". Unapoandika ndani ya klasi, anayesema ni kitabu chenyewe. Kwa hiyo $this->hisa ni "hisa zangu". Asha akiambiwa anunue, "mimi" ni Asha. Akiambiwa Juma, "mimi" ni Juma. Nje ya klasi hakuna anayesema, ndiyo maana ukiitumia $this huko PHP inakataa.

Tukae kidogo kwenye mstari huu: $this->jina = $jina. Majina mawili, na si kitu kimoja. Upande wa kulia ni jina lililoletwa kutoka nje, yaani "Asha" aliyetajwa kwenye mabano ya new. Funksheni ikiisha, kigeu hicho kinapotea. Upande wa kushoto ni jina langu, linalobaki kitabuni. Soma: "jina langu liwe hilo nililoletewa."

Hapo ndipo kosa lako lilipo. Ulipoandika $this->$hisa, ile dola ya pili iliiambia PHP: tafuta kwanza kigeu kiitwacho $hisa humu ndani ya funksheni, kisha utumie thamani yake kama jina la kitu cha kutafuta kitabuni. Kigeu hicho hakimo, ikalalamika. Dola moja inatosha, nayo inakaa mwanzoni.

Nukta pacha mbili ni kwa mambo ya kikundi kizima. Bei ya hisa si ya Asha wala ya Juma, ndiyo maana imeandikwa static na inaitwa Mwanachama::$bei. Angalia dola ilivyohamia kulia: Mwanachama ni jina la klasi, si kigeu, halina dola. Ukiwa ndani ya klasi yenyewe andika self::$bei. Ukiona kwenye matoleo ya zamani ujumbe wa kosa wenye maneno "Paamayim Nekudotayim", usishtuke: ni Kiebrania, maana yake ni hizo nukta pacha mbili. Waliyaacha humo Andi Gutmans na Zeev Suraski wa Israel, walioiandika upya PHP kuwa toleo la 3.

JavaScript, lugha nyingine ya tovuti, hutumia nukta mahali pa mshale. PHP haikuweza, kwani nukta yake ilikuwa tayari na kazi ya kuunganisha maneno. Na usiuchanganye mshale huu na => wa kwenye safu zako.

Jingine la kuangalia ni __construct. Mistari ya chini ni miwili. Mwaka 2011 niliandika mmoja. PHP haikulalamika hata kidogo, kwani kwake hiyo ilikuwa funksheni ya kawaida ambayo hakuna aliyeiita, na ukurasa wa mteja ukatoka na orodha ndefu ya watu wasio na majina. Nilikesha nikikagua hifadhidata, kumbe kosa lilikuwa unene wa kistari kimoja. Na mafunzo yanayoipa funksheni hiyo jina la klasi yenyewe yaache: ni mtindo wa kabla ya PHP 5 ya mwaka 2004, na toleo la 8 haliutambui tena.

Je, ni lazima? Hapana. Ukurasa mmoja wenye safu mbili tatu hauhitaji klasi, na asikuaibishe mtu. Lakini wewe unahifadhi fedha za watu. Kwa safu, mstari wowote kwenye faili lolote unaweza kuandika hisa 500 na hakuna wa kuuzuia. Hapa hisa ni private. Ukijaribu $asha->hisa = 500 nje ya klasi, programu inasimama papo hapo. Njia ni moja tu, nunua(), na mlangoni pake imekaa sheria ya 1 hadi 5. Mimi ningeandika klasi kwa sababu hiyo peke yake.

Funksheni ya kopa() iandike mwenyewe. Nakupa sharti lake tu:

if ($kiasi > $this->hisa * self::$bei * 3) {
    return false;
}

Msomee mama yako: "Kiasi kikizidi hisa zangu, mara bei ya kikundi, mara tatu, kataa." Mwulize kama ndivyo wanavyokubaliana kikaoni.