Wasomaji Wanauliza: Bia ya Kuweka na Bia ya Kunywa Leo

SWALI: Jambo wapendwa. Nakaa Ixelles, karibu na Matonge, na dukani kwetu Orval, Rochefort, Chimay na gueuze zimepangwa kama soda. Jirani yangu, mzee wa Kibelgiji, ananiambia ninazinywa mapema mno, nizifiche miaka. Zote? Kwa muda gani?
*Msomaji, Brussels*

JIBU: Si zote, na hata hizo nne ulizotaja hazizeeki kwa njia moja.

Anza na Rochefort 10, yenye alkoholi asilimia 11.3. Ni nyeusi, nzito, na ina hamira hai ndani ya chupa. Hamira hiyo hunyonya sehemu ya oksijeni iliyonaswa chini ya kifuniko, na alkoholi nayo huzuia vijidudu. Ikiwa changa huchoma koo kidogo. Kati ya mwaka wa 2 na wa 5 ule moto hutulia, ladha ikasogea kuelekea tende, zabibu kavu na sukari guru. Chimay ya buluu (asilimia 9) hufuata njia hiyohiyo, na lebo yake huandikwa mwaka, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Ukipata ya sentilita 75 yenye kizibo, hiyo ndiyo ya kuweka muda mrefu, na ya 33 iwe ya kuonja njiani. Hewa ya shingoni haiongezeki kwa kiasi ambacho bia inaongezeka, hivyo katika chupa kubwa kila tone hupata oksijeni kidogo zaidi.

Orval ni kichwa kigumu. Kwa nguvu peke yake isingestahili kuwekwa, maana ni asilimia 6.2 tu. Kinachoibeba ni hamira ya mwitu, Brettanomyces, inayotiwa wakati wa kujaza chupa. Hamira hii ina subira: hula zile sukari ambazo hamira ya kawaida huziacha, na huzila polepole kwa miezi. Chupa ya miezi miwili au mitatu ina harufu ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), uchungu safi na maganda ya chungwa. Kufikia miezi 6 hopsi zimeanza kufifia. Ikishapita mwaka ni bia nyingine: kavu kabisa, gesi tele, harufu ya ngozi na ya zizi la farasi. Wapo wanaoipenda hivyo na wapo wanaodhani imeoza. Lebo ina tarehe ya kujazwa na ya mwisho, miaka 5 baadaye, basi hakuna kubahatisha. Kwa ulimi wetu, utamu wake uko kati ya miezi 8 na 18. Zaidi ya miaka 3 unangoja bure.

Gueuze ndiyo bingwa wa kuzeeka. Ni mchanganyiko wa lambiki (bia chachu ya Kibelgiji) ya mwaka 1, ya 2 na ya 3, iliyochachushwa na vijidudu vya hewani na kulazwa katika mapipa ya mbao, kisha ikachachuka tena ndani ya chupa. Ukali wake, fikiria bungo au ukwaju, ndio kinga yake. Miaka 10 si ajabu, na baadhi ya watengenezaji huandika 20 kwenye lebo. Tafuta neno *Oude* au *Vieille*. Isiyo na neno hilo mara nyingi imeongezwa utamu, nayo haina cha kungojea. Zenye matunda, kama kriek ya cheri, zinywe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Bia yenyewe haitaharibika, ila tunda hutangulia kuondoka.

Usinunue moja moja. Chukua sita zenye tarehe ileile. Fungua ya kwanza wiki hiyohiyo, uandike ulichokionja, halafu moja kila mwaka. Asiyeijua bia ikiwa changa hawezi kusema kama imeboreka, na kama hukuipenda mwanzoni, usitumaini miaka itakutengenezea.

SWALI: Shikamooni. Kaka amerudi kutoka Ulaya na chupa 8, nusu Rochefort, nusu Westvleteren 12. Nakaa ghorofa ya tatu Kinondoni, na joto la Dar mnalijua. Je, kabati la nguo litatosha?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba. Halitatosha, na hili ndilo swali tunaloletewa kuliko yote kutoka pwani.

Mabadiliko ndani ya chupa huenda kasi mara mbili au zaidi kwa kila nyuzi 10 za joto. Mwaka mmoja kwenye nyuzi 30 ni kama miaka minne au zaidi kwenye nyuzi 10. Mtu akisikia hivyo hufurahi, akidhani amepata njia ya mkato. Sivyo. Joto haliharakishi mambo yote kwa uwiano mmoja. Harufu ya karatasi iliyolowa hukimbia mbele, hamira hufa mapema, na ile ladha ya tende haipati nafasi ya kujijenga. Kupanda na kushuka kwa joto kila siku nako huisukuma hewa kupitia kwenye mpira wa kifuniko. Unachotaka ni nyuzi 10 hadi 13, bila kuyumba.

Kama nafasi ni finyu, tumia droo ya chini ya friji ya kawaida. Kwenye nyuzi 4 bia itazeeka kwa mwendo wa kobe, lakini haitakufa. Ukiweza, nunua friji ndogo ya mtumba na thamostati ya nje yenye kihisi cha waya. Friji inachomekwa kwenye thamostati, na thamostati kwenye kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, kisha ukutani. Weka 12, ruhusu tofauti ya nyuzi 2, na compresa isubiri dakika 5 kabla ya kuwaka tena.

Kosa la wengi ni kuacha kihisi kikining'inia hewani. Kila mlango ukifunguliwa hewa hupata joto kwa sekunde chache, compresa inawaka na kuzima ovyo, na ndani ya mwaka imekufa. Kitumbukize kihisi kwenye chupa ya maji ya nusu lita iliyo katikati ya chupa zako, ili kipime joto la kimiminika, ambalo ndilo bia inalolisikia. Weka na madumu mawili ya maji ya lita 5 chini. Umeme ukikatika, maji hayo huchelewesha joto kupanda. Friji inayokaa kwenye nyuzi 12 katika jiji lenye unyevu hutoa jasho, kwa hiyo ifute kila mwezi kwa kitambaa kikavu, la sivyo lebo zitaota ukungu na hutajua ipi ni ipi. Tahadhari na rafu za waya pia: chupa 24 za sentilita 33 ni karibu kilo 14.

Wanaoishi Lushoto, Njombe au Limuru wana bahati. Stoo yenye ukuta mnene, upande usiopigwa na jua la mchana, huenda ikatosha. Kabla ya kuiamini, acha humo kwa wiki mbili kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini. Ikipita nyuzi 18 mchana, tafuta pengine.

SWALI: Mvinyo hulazwa. Bia je?
*Msomaji, South B, Nairobi*

JIBU: Isimamishe. Ikisimama, uso wa bia unaogusana na hewa ni mdogo, mashapo hukaa chini kabisa, na pombe kali haitafuni kizibo. Lambiki na gueuze zenye kizibo ndizo watengenezaji wengi huzilaza. Hata hizo zikisimama miaka mitatu au minne hakuna ubaya.

Giza ni lazima. Mwanga ukigonga viambato vya hopsi hutoa harufu ya kicheche, na kazi hiyo huchukua dakika juani, siku kadhaa chini ya taa ya duka. Chupa ya kahawia hukinga vizuri, ya kijani kidogo sana, nyeupe haikingi kitu. Kwa hiyo usichukue chupa iliyo mbele ya rafu chini ya taa. Omba ya ndani ya kasha.

SWALI: Nina stauti mbili, bia nyeusi za asilimia 10, nimeziweka miaka 4 kwenye gereji huku Minneapolis. Moja ilinuka mchuzi wa soya. Nyingine, iliyokuwa ya kahawa, haikuwa na kahawa tena, ilikuwa boksi lililolowa maji. Nilikosea wapi?
*Msomaji, Minnesota*

JIBU: Gereji. Kwenu kiangazi hufika nyuzi 30, na wakati wa baridi stauti ya asilimia 10 huganda ikifika karibu nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri, baridi ambayo Minnesota haioni kuwa kitu. Barafu hutanuka, ikainua kifuniko kwa upana wa unywele. Ikiyeyuka, kifuniko hurudi lakini hakibani tena kama mwanzo, na oksijeni huingia. Hiyo ndiyo harufu yako ya boksi.

Mchuzi wa soya ni hamira iliyokufa na kupasuka, ikamwaga vilivyomo ndani yake. Kidogo, katika bia nyeusi, huongeza utamu wa supu ambao si mbaya. Ikizidi, bia inakuwa kitoweo. Joto huharakisha jambo hili, na mashapo mengi pia.

Kahawa ni suala jingine kabisa. Hata ungeihifadhi vizuri, harufu yake hudumu miezi 6 hadi 12. Vanila, nazi na pilipili nazo hufifia. Stauti iliyotiwa vitu hivyo, au iliyokaa kwenye mapipa ya bourbon, imeshazeeshwa kiwandani kabla hujainunua. Inywe ndani ya mwaka mmoja, au miwili kama haina nyongeza.

Huko uliko, jaribu Bigfoot ya Sierra Nevada, asilimia 9.6, inayotengenezwa tangu 1983. Ikiwa mpya, uchungu wake hukunja uso. Uchungu wa hopsi hupungua mwaka hadi mwaka, na utamu wa kimea uliojificha nyuma hujitokeza. Ndiyo maana bia kali isiyo na uchungu wa kutosha mwanzoni huishia kuwa asali tupu. Ukipata bia za Uingereza, Vintage Ale ya Fuller's (asilimia 8.5, ilianza 1997) ina mwaka kwenye boksi na ni mwalimu mzuri kwa anayeanza. Chupa zako zihamishie chini ya nyumba, kwenye kona iliyo mbali na tanuru la kupashia joto na mashine ya kufulia.

SWALI: Na sisi wa Tusker? Na mnazi je, hauwekwi?
*Msomaji, Kilifi*

JIBU: Tusker, Kilimanjaro, Safari na ndugu zao ni bia nyepesi zilizochujwa, hazina hamira wala kimea kizito cha kujificha nyuma yake. Kreti lililokaa mwaka halijazeeka, limechakaa. Angalia tarehe na unywe iliyo karibu na kiwanda. IPA nazo (bia zenye hopsi nyingi), hata zile kali, zina miezi mitatu, kwa sababu umenunua harufu ya hopsi na hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka.

Mnazi ukigemwa asubuhi ni mtamu, jioni ni mkali, na siku chache baadaye ni siki ya kutia kwenye kachumbari. Mbege na busaa vivyo hivyo: alkoholi ni kidogo, chombo kiko wazi, na bakteria wa siki wakipata hewa hawasubiri ruhusa.

SWALI: Nina chupa moja ya miaka 6, ya sentilita 75. Sitaki kuiharibu siku ya kuifungua.
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Isimamishe siku mbili kabla, mashapo yatulie. Bia nyeusi kali inywewe kwenye nyuzi 12 hadi 14, maana ikiwa baridi sana husikii kitu ila uchungu. Gueuze iwe 8 hadi 12. Kizibo cha zamani hukauka na kukatika, kwa hiyo kiwe karibu kizibuo cha mvinyo. Zungusha chupa, si kizibo, na ufungulie juu ya sinki. Kikikatika vipande, pitisha bia kwenye kichujio safi cha chai.

Mimina kwa mfululizo mmoja, ukiinamisha glasi, bila kurudisha chupa wima kati ya glasi na glasi, kwani kila ukiirudisha mashapo yanachanganyika upya. Panga glasi zote mezani kwanza, kisha acha sentimita 2 za mwisho chupani. Povu likiwa dogo usishtuke, gesi hupungua kwa umri. Likiruka hadi darini, kuna vijidudu vilivyoingia. Acha litulie, onja kijiko kimoja, na kama ni siki katika bia isiyopaswa kuwa chachu, mwaga.

Alika watu watatu au wanne. Chupa hiyo ikiwa ya asilimia 10 ina mililita 75 za alkoholi halisi, sawa na chupa tatu za nusu lita za bia ya asilimia 5, na inashuka kwa ulaini usiokuonya.