Jibu: Greda inakuja kijijini, miembe itapona?

Salaam ndugu. Kama nimekuelewa, mnaitaka barabara ipitike masika, ila mnahofia ikipanuliwa miembe na nyua za kando zitakwenda na malori ya mchanga yatahamia kwenu.

Kwanza ulizeni ni barabara ya nani. Ikiwa ni ya jamii, hapo Uganda iko chini ya baraza la kaunti ndogo (LC3). Ikiwa ni ya wilaya, mwenye neno ni injinia wa wilaya. Wengi humkaba mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na yeye hana greda wala bajeti. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2010 iliifanya Uganda yote kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hata kijiji chenu kina haki ya kusikilizwa kwenye kamati ya mipango.

Pili, msibishanie upana tu. Kinachoua barabara ya murramu ni maji. Ombeni mgongo wa katikati uinuliwe, mitaro ya kutolea maji mashambani, na kalvati penye bonde. Barabara nyembamba yenye sehemu za kupishana inawatosha boda boda na pikapu ya matoke. Kona iliyozunguka mti iacheni, inapunguza mwendo. Sijaona tuta linalofanya kazi hiyo vizuri hivyo.

Miti itiwe alama ya rangi injinia akiwepo, kabla greda haijawashwa. Dereva hasomi muhtasari wa kikao.

Anayeguswa shamba asisaini "nimetoa bure" kwa haraka. Katiba, kifungu cha 26, inataka fidia kabla ya kuchukuliwa.