Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Amerithishwa Timu ya Kufungwa

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa 12 tangu nihamie Pittsburgh, Marekani, ambako nimeolewa na mwenyeji wa hapa. Mume wangu ni shabiki wa Pirates, timu ya besiboli ya mji huu, kama alivyokuwa marehemu baba yake, na jezi ya kwanza ya mtoto wetu ilinunuliwa kabla mtoto mwenyewe hajazaliwa. Juzi kijana, ambaye ana miaka 9, alirudi kutoka shule akiwa ameisokomeza kofia yake nyeusi yenye herufi P ya njano chini kabisa ya begi, chini ya chombo cha chakula, kwa sababu wenzake wanamtania kwamba timu yake haijui kushinda. Baba yake anasema atazoea, kama yeye alivyozoea. Je, ni haki mzazi kumrithisha mtoto huzuni ambayo angeweza kuepushwa nayo?
Mama Aliyechoka, Pittsburgh

JIBU: Dada yangu, pole, na pole zaidi nampa kijana. Hata hivyo, umesema wewe ni wa Tanga, na sidhani kwamba ugonjwa huu uliuona kwa mara ya kwanza ugenini. Coastal Union ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, na bila shaka unawafahamu wazee ambao tangu hapo hawajaonja tena ubingwa huo lakini siku ya mechi huwakosi Mkwakwani. Hakuna aliyewauliza kwa nini hawajahamia Simba au Yanga.

Ya mumeo ni mazito zaidi, nakubali. Pirates walichukua ubingwa wao wa mwisho mwaka 1979. Mwezi Oktoba 1992 walikuwa Atlanta, katika mechi ya saba na ya mwisho ya kuwania nafasi ya kuingia fainali, wakiongoza 2 kwa 0 hadi zamu ya tisa, ambayo ndiyo ya kumalizia. Wenyeji wakapata pointi tatu. Ya tatu ililetwa na Sid Bream, mchezaji mzito wa mbio, tena aliyewahi kuichezea Pittsburgh yenyewe, ambaye alijitupa chini na kuteleza hadi kituo cha nyumbani, ambako pointi huhesabiwa, akiuwahi kwa nukta mpira uliorushwa na Barry Bonds, nyota wa Pirates, kutoka pembeni mwa uwanja. Bonds akaondoka kwenda San Francisco, na kuanzia 1993 hadi 2012 timu ikamaliza misimu 20 mfululizo ikiwa imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda, jambo ambalo halijaifika timu nyingine yoyote katika ligi kubwa za Amerika Kaskazini. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya Atlanta alikaribia kutimiza miaka 21 kabla ya kuiona timu yake ikimaliza msimu kwa heshima.

Sasa niseme jambo ambalo wengi wanaowacheka mashabiki hawa hawalijui. Besiboli si kandanda. Msimu mmoja una mechi 162, karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, na hata timu mbovu haikosi ushindi kwa muda mrefu. Mwaka 2010, ulio mbaya kuliko yote katika miaka ile 20, Pirates walifungwa mara 105, lakini walishinda mara 57, yaani takriban mechi moja katika kila tatu. Shabiki anayeonekana kwa mbali kuwa mtu wa msiba wa kudumu analala na furaha angalau siku mbili kwa wiki. Nadhani hicho ndicho kilichomfikisha baba mkwe wako alikofika, na si uvumilivu wa kishujaa ambao watu hupenda kuusifu.

Halafu yapo malipo ya usiku mmoja. Tarehe 1 Oktoba 2013 Pirates walirejea kwenye mtoano, nyumbani, dhidi ya Cincinnati, na uwanja mzima ulivaa nyeusi. Watu wakaanza kuliita kwa kulivuta jina la mrushaji wa wageni, yaani anayewatupia wapigaji mpira, Johnny Cueto, wote kwa sauti moja. Mpira ukamponyoka mkononi ukaanguka chini, na mpira uliofuata Russell Martin wa Pirates akaupiga ukavuka ukuta. Walishinda 6 kwa 2. Muulize mumeo alikuwa wapi usiku huo, kisha utulie, kwa maana jibu halitakuwa fupi.

Mahali ambapo siko upande wake ni hapo anaposema mtoto atazoea. Ligi hii haina kikomo cha mishahara, timu zenye fedha nyingi huwachukua wachezaji bora, na mashabiki wa Pittsburgh wana haki ya kuwalaumu wenye timu kwa ubahili bila kuonekana wasaliti. Mwaka 2025 Paul Skenes, mrushaji wa Pirates, alipewa kwa kura zote tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake, na bado hesabu yake binafsi ilisomeka ushindi 10 na kushindwa 10, kwa kuwa wenzake hawakumpatia pointi za kutosha. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuelezwa kwamba inawezekana kuipenda timu na papo hapo kukasirishwa na wanaoiendesha. Kumwambia azoee ni kumnyima hasira iliyo halali.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba kofia ibaki kwenye begi na asiulizwe habari zake. Mwambie mumeo amchukue siku ya kawaida ya wiki, bila jezi, wavuke kwa miguu daraja la Roberto Clemente kuelekea uwanjani, na njiani amsimulie Clemente alikuwa nani: mchezaji wa Pirates aliyefikisha mipigo 3,000 kamili, akafa tarehe 31 Desemba 1972 ndani ya ndege iliyokuwa ikiwapelekea msaada wahanga wa tetemeko la ardhi huko Nicaragua. Wakishakaa, amwonyeshe ukuta wa upande wa kulia, upande ambao Clemente aliulinda enzi zake, amuulize kwa nini umejengwa kwa kimo cha futi 21. Jibu lipo mgongoni mwa jezi ya zamani ya babu yake, kama bado mnayo.