Mwanangu, mizani haikukosea

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Meseji yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza bila miwani nikadhani unaomba hela. Sasa nimeelewa. Wanataka usaini kwamba mzigo umefika wote, na wewe umehesabu mwenyewe umeona haufiki hata nusu, halafu unaniuliza yule askofu mkuu Luwum wa Uganda ambaye bibi yako alikuwa haishi kumsimulia alitoa wapi ujasiri, maana wewe mikono inatetemeka hata kalamu haishikiki.

Ya Luwum ninayoyajua ni yaleyale ya bibi. Februari 1977 niko darasa la sita, huku kwetu Kagera redio ya Uganda ilikuwa inaingia kama iko sebuleni, ikatangaza askofu mkuu na mawaziri wawili wamekufa kwa ajali ya gari. Bibi akazima redio, akasema ajali gani, huyo wamemuua. Walokole wa huku na wa kule walikuwa wanatembeleana kama kijiji kimoja, habari zinapita, kwa hiyo alishasikia kwamba nyumba ya askofu ilipekuliwa usiku na watu wenye bunduki, na kwamba maaskofu walimwandikia rais wao Idi Amin barua ya kulalamika. Na Luwum alipoitwa tarehe 16 akaenda. Aliogopa? Mi nadhani aliogopa sana. Siku zote nawaambia, woga hautoki, unatembea nao.

Ila huyo ni Luwum, na mimi nilikuwa karani wa mizani tu.

Hii mama yako anaijua nusu. Msimu wa kahawa wa 1987 pale chama cha msingi cha wakulima, ile picha yangu ya kofia si iko ukutani? Basi katibu aliniita pembeni akaniambia kila gunia punguza kilo mbili, za unyevu. Kahawa ya maganda imekauka ukiitikisa inalia, unyevu gani! Lakini wewe ulikuwa tumboni, nikaogopa kazi, nikapunguza. Gunia la kwanza mkono ulinitetemeka, la ishirini wala. Hapo ndio ninapokuonea wivu na hiyo mikono yako.

Akaja yule mjane wa kule bondeni, mwenzake bibi kwenye ulokole, kajibebea gunia kichwani. Mshale ukasimama 41. Mi nikasoma kwa sauti, 39. Kusoma hajui. Akasema asante mwanangu, mizani ukishika wewe mi hata siangalii.

Sikulala siku tatu. Siku ya nne nikachukua hela ya zile kilo mbili nikaongeza kidogo, nikaenda usiku kama Nikodemo, nikaisukumia chini ya mlango wake nikatimua mbio, na mbwa wake akanikimbiza mpaka barabarani, kandambili moja ikabaki kwenye migomba (mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu). Asubuhi nafungua mizani, wa kwanza kwenye foleni nani? Yeye. Hela kaifunga kwenye pindo la kanga. "Mwanangu, kuna mtu kadondosha hela mlangoni kwangu, wewe ndio mwaminifu, tangaza mwenyewe apatikane." Foleni nzima kimya, katibu yuko dirishani.

Nikasema, "Ni zako mama, mizani ilikosea."

Mizani ilikosea! Mizani ile haijawahi kukosea hata gramu. Jioni nikamwambia bibi yako yote, nikajua nitasemwa mpaka asubuhi. Hakunigombeza. Aliendelea kumenya ndizi, akaniuliza tu, "Na mizani umeiomba msamaha?"

Siku nyingine najitetea, kwani hela si ilirudi? Na sikupunguza tena toka siku ile, katibu akaninunia, msimu uliofuata sikuitwa, ukazaliwa baba yako anauza ndizi mnadani, na tukala. Kwa hiyo kazi niliyokuwa naiogopea niliikosa vilevile. Lakini hapana, wenye yale magunia mengine sikuwarudishia kitu, na yule mama alikufa 2003 anaamini ni mizani, na mimi ni mmoja wa waliobeba jeneza. Nilikuwa na miaka 16 ya kushuka pale bondeni kumwambia sentensi moja. Njia naijua hata usiku. Woga unatembea nao, sawa, nasema hivyo, lakini mimi wangu nilikaa nao nyumbani.

Sasa usiende kusema baba kasema ukatae. Sijasema. Una watoto shuleni, una kodi, na hao wakubwa zako mi siwajui, labda kuna mambo huko ofisini hujaniambia. Mi nasema tu mtu akihesabu akaandika idadi aliyoiona, hapo hajagombana na mtu, kaandika tu alichoona. Haya, ona, nimeshaanza, na mama yako anachungulia hapa begani anasema mwache mtoto aamue mwenyewe, unamwamulia. Simwamulii! Naeleza.

Kesho usitoke na tumbo tupu. Ukifika getini nipigie, nitakuwa macho toka saa kumi na moja. Hata kama huna la kusema niache hewani, weka simu mfukoni, uingie hivyohivyo.

Baba