Sato ananasa kikaangoni na kumeguka: tatizo liko wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nanunua sato wabichi mwaloni hapa Musoma, wa nusu kilo hivi, na kuwakaanga wazima. Ngozi inanasa kwenye kikaango, nikigeuza nyama inameguka. Wengine wananuka tope hata nikiwatia ndimu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kunasa na kumeguka ni matatizo mawili tofauti. Kunasa kunaletwa na maji. Kumeguka mara nyingi kumeanzia ziwani.

Samaki mwenye maji akiingia kikaangoni, mafuta yanapoa, na ngozi inashikana na chuma kabla haijakauka na kuwa ngumu. Mpare magamba kuanzia mkiani, toa matumbo na matamvua, kwangua utando mweusi wa tumboni na damu iliyolala kwenye uti wa mgongo. Mchanje mara tatu kila upande. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi na ndimu moja vinamtosha wa nusu kilo, kwa dakika 20 hadi 30. Ukimlaza na ndimu usiku kucha, asidi inaivisha nyama juujuu na baadaye inachambuka.

Hapo ndipo wengi wanakimbilia jikoni. Subiri kwanza: chumvi imevuta maji nje, ngozi inatoa jasho. Mfute kwa kitambaa safi, ndani ya tumbo na kwenye chale pia, na kama ulimpaka kitunguu saumu, ondoa vipande vyake maana vinaungua na kushika chuma. Mwache kwenye waya penye upepo nusu saa, umefunika na chandarua. Inzi wa mwaloni tunawajua.

Mafuta yafike nusu ya unene wa samaki, yawe na joto la nyuzi 175 hadi 180. Huna kipimajoto? Chomeka ncha ya mwiko mkavu: mapovu madogo yakiuzunguka papo hapo, yako tayari. Yakitoa moshi, punguza moto. Kaanga mmoja mmoja, usimguse kwa dakika 5 au 6. Tikisa kikaango: akiteleza, mgeuze, akigoma, mpe dakika nyingine.

Sasa kumeguka. Makila, yaani nyavu za kutega, huwekwa ziwani jioni na kupandishwa alfajiri. Sato aliyenasa mapema hufa na kushinda saa nyingi kwenye maji ya vuguvugu, halafu mtumbwi hauna barafu. Vimeng'enya vyake mwenyewe vinalegeza nyama, na hakuna ukaangaji utakaomrudisha. Mbonyeze mgongoni: shimo likibaki, mwache. Matamvua yawe mekundu, si ya kahawia. Jicho lisikudanganye, kwa sababu barafu inaweza kulitia ukungu hata kwa samaki mzuri. Ukishamnunua naye ni laini ila hana harufu mbaya, mpike mchuzi bila kumgeuza.

Harufu ya tope ni kemikali iitwayo geosmini, inayotengenezwa na mwani wa kijani-buluu na bakteria wa matope. Inakaa kwenye mafuta ya samaki, hivyo huwapata zaidi wa ghuba zenye maji yaliyotuama na wa mabwawa. Ndimu au ukwaju huipunguza, lakini haifiki ndani sana. Kata nyama nyembamba ya tumbo uitupe, na akizidi kunuka mchune ngozi. Huyo hafai kukaangwa mzima. Wa bwawani dawa yake iko kwa mfugaji: awaweke hai siku kadhaa kwenye maji safi yanayobadilishwa, bila chakula, kabla ya kuwauza.