Jibu: Kwaya ya wavulana Kampala kwenda Nairobi, waimbe siku hiyo hiyo?

Shikamoo mwalimu. Umeuliza kama wavulana wenu wanaweza kutoka Kampala kwa basi la usiku, waimbe ibada ya asubuhi Nairobi, kisha tamasha jioni. Mimi nasema hapana. Pale mpakani, iwe Busia au Malaba, watoto wote watashushwa kwenye foleni ya uhamiaji, na usingizi ndiyo basi tena. Ukiwasimamisha mbele ya altare asubuhi hiyo, soprano zitashuka nusu toni kabla ya ubeti wa pili.

Fikeni Ijumaa. Jumamosi fanyeni mazoezi mafupi ndani ya kanisa lenyewe wauzoee mwangwi wake, na soda baridi zipigwe marufuku (watalalamika, waache).

Hata Wiener Sängerknaben, kwaya ya wavulana ya Vienna, Austria, hawalibebeshi kundi moja kila kitu. Wavulana wao kama 100, wa miaka 9 hadi 14, wamegawanywa kwaya nne zinazopokezana: nyingine zikiwa safarini, kuna inayobaki Vienna kuimba misa ya Jumapili pale Hofburg, jumba la kifalme la zamani. Ndiyo maana wanaweza maonyesho kama 300 kwa mwaka.

Yule wa miaka 13 ambaye sauti imeanza kukwaruza, msimwache nyumbani. Walimu wengine hufanya hivyo, na sipendi kabisa. Mshushe alto, solo ampokee mwenzake.

Barua za ridhaa za wazazi zibebe mkononi, zisiingie kwenye buti la basi.