Muulize Fundi: "Checkout" yangu imemponza kijana wa field

SWALI: Shikamoo fundi. Ofisini nimepewa kazi ya kuandika mwongozo wa git (programu ya kutunza matoleo ya kazi, ambapo kila mstari wa kazi huitwa tawi) kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wa field, nikaandika "kubadili tawi andika git checkout ripoti", sasa dogo mmoja kaifuata vilevile na kazi yake ya siku mbili imepotea. Nimekosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na huyo dogo mpe pole, hana kosa. Naotea tu hapa lakini nadhani napatia: kwenye mradi wake kuna folda inaitwa ripoti na tawi la jina hilo alikuwa hajalitengeneza, si ndio? Basi git ilipokosa tawi ikaona folda, ikamrudishia folda kama ilivyokuwa mwanzo na kufuta alichoandika, halafu ikamwambia kitu kama "Updated 3 paths from the index" na yeye akajua mambo safi.

checkout ilikuwa inabeba kazi mbili, ndo maana mwaka 2019 kwenye toleo la 2.23 wakaleta git switch ya matawi na git restore ya mafaili. Ungeandika "git switch ripoti" ingemgomea palepale kwamba tawi hilo halipo, basi, hakuna msiba. Restore nayo inafuta kazi ambayo hujaikomiti (yani hujaihifadhi kwenye historia ya git), ila angalau jina lake halikuzugi, na onyo liandike JUU ya komandi maana watu wanakopi kwanza wanasoma baadae. Na mfano wako uite tawi-la-ripoti, jina lisilofanana na folda yoyote.

Ila mi kilichonishtua zaidi kwenye kurasa ulizonitumia ni neno "rudisha". Restore umeandika rudisha, reset rudisha, revert nayo rudisha! Usijisikie vibaya, hata mwongozo rasmi wa git una kipengele kizima cha kutenganisha hizo tatu. Mimi ningeacha jina la komandi lilivyo halafu niseme kinachotokea: restore inarudisha faili, reset inasogeza tawi lako kwenye komiti nyingine, revert inaongeza komiti mpya inayotengua ya zamani na historia inabaki. Kutengua ni neno zuri sana na tunalo, sijui kwa nini watu hawalitumii.

Halafu kuna ile faharasa (index), kache (cache) na jukwaa (stage), yani sehemu ya kuweka mabadiliko kabla ya kuyakomiti, msomaji anadhani ni vitu vitatu kumbe ni kimoja, git yenyewe ndo imekipa majina mengi, ndo maana git diff --cached na git diff --staged zinatoa jibu lilelile. Sisi kwenye timu tunaita kapu, yani umeshachagua vitu ila hujafika kaunta kulipa. Chagua lako moja ung'ang'anie hilo mpaka ukurasa wa mwisho, hayo mengine yataje mara moja tu ili akiyakuta kwenye komandi asishangae.

Alafu zile alama za <jina> ulizoweka kwenye mifano toa, nimeipesti moja kwenye terminali yangu imenitupia syntax error, sasa mtu ameanza git jana si atajua kompyuta imekufa.